SACD za kwaya na santuri za bendi za Tabora: zitafutwe madukani au mtandaoni?

Mwalimu wa Isevya (Tabora) anauliza:

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, nawasalimu.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Tabora. Tangu nilipopata mashine ya Blu-ray ya Sony iliyotumika, ambayo inasoma pia SACD (diski za umbo la CD zilizobuniwa kubeba sauti ya ubora wa juu zaidi), nimekuwa na hamu ya kusikiliza kwaya na ogani kama zilivyorekodiwa, badala ya faili la simu lililokwisha kubanwa na kurushwa kutoka kundi moja hadi jingine kabla ya kunifikia. Ninachotafuta si kitu cha kila duka. Kwanza nahitaji rekodi za lebo zinazojali sauti, kama BIS ya Sweden, 2L ya Norway na Channel Classics ya Uholanzi. Pili natafuta santuri za bendi za mji wetu, yaani Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, kwa kuwa sioni sababu ya kumfahamu mpiga ogani wa Stockholm kuliko mpiga gitaa aliyekulia Ng'ambo.

Nimezunguka maduka yote ya karibu na soko kuu. Waliokuwa wakiuza kanda sasa wanauza sabufa, chaja na flashi, na anayeendelea na biashara ya muziki anakuingizia nyimbo kwenye memori kadi kwa bei isiyozidi soda. Kariakoo nilionyeshwa CD za injili na za bongofleva kwa wingi, lakini kila nilipotaja SACD niliulizwa kama ni aina ya betri. Wapo wanaonishauri nisubiri nipate safari ya Nairobi, na wapo wanaosema niagize tu mtandaoni. Kuagiza kunanitia wasiwasi, maana nalipa kitu nisichokiona, halafu kinapita mikono mingi hadi kufika huku. Naomba mnieleze kipi ni cha kutafutwa kwa miguu na kipi ni cha kuagizwa, na mtu atajuaje kwamba alichoshika ndicho alichokusudia.

Fundi wa Mwanga (Kigoma) anajibu:

Mwalimu, salamu kutoka Kigoma. Umeuliza maswali mawili ambayo majibu yake yanaelekea pande tofauti, nami nitaanza na lililo fupi. SACD usiitafute katika maduka ya kwetu. Sony na Philips waliitoa mwaka 1999, wakati huku bado tulikuwa tunanunua kanda, na CD zilipokuja kuzoeleka nyingi zilizotufikia zilikuwa za kuchomwa kwenye kompyuta, kwa hiyo hakuna mfanyabiashara aliyeona faida ya kuleta diski ambayo mashine yake haikuwapo mjini. Mimi CD safi za Kijapani nakutana nazo ndani ya redio za magari yaliyotumika, pale mwenye gari wa kwanza alipoisahau diski humo na mnunuzi wa hapa akataka nimfungie redio mpya. Hiyo ni bahati ya fundi, si njia ya kujengea maktaba.

Hata hivyo, CD yoyote itakayokufikia mkononi igeuze kabla hujasoma jalada lake. Diski iliyotengenezwa kiwandani hung'aa rangi ya fedha upande wa kusomwa, ilhali ya kuchomwa mara nyingi huwa na rangi ya kijani, bluu au zambarau. Kwenye duara la ndani, karibu na tundu, kuna maandishi madogo yanayotaka tochi: hapo utaona namba ya toleo na, kwa diski za kuanzia mwaka 1994, herufi IFPI (kifupi cha shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi) zikifuatwa na alama ya kiwanda. Diski ya mwaka 1987 isiyo na IFPI haina kosa lolote, lakini albamu ya mwaka 2010 isiyo nayo ni ya kutiliwa shaka. Diski nyingi za rumba zinazovuka ziwa kuja hapa Kigoma hazina alama hiyo, na sidhani kama wauzaji wake wanamdanganya mtu, kwa maana bei yenyewe inajieleza.

Baada ya hapo ielekeze diski kwenye taa. Ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, ujue alumini yake imeanza kuliwa. Zipo pia diski zilizotengenezwa na kiwanda cha PDO cha Blackburn, Uingereza, kati ya mwaka 1988 na 1993, ambazo hugeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni hadi zikashindwa kusomeka. Nakutajia hizo kwa sababu kampuni ndogo za muziki wa kiklasiki zilikuwa miongoni mwa zilizoumia, na huo ndio muziki unaoutafuta.

Sasa tuje kwenye santuri, ambako naona miguu bado inaushinda mtandao. Rekodi nyingi za bendi zetu za zamani zilitengenezwa Kenya. Nairobi ndiko vilikokuwa viwanda, na Mombasa alikuwapo Assanand mwenye lebo ya Mzuri. Ndiyo maana hadi leo santuri ya bendi ya Tanzania huonekana Nairobi kwa urahisi kuliko Dar es Salaam. Ukienda huko, pitia duka la Melodica kwenye Barabara ya Tom Mboya, ambalo limekuwa kwenye biashara ya muziki tangu miaka ya 1970, kisha uende Soko la Kenyatta ambako kuna kibanda cha santuri kilichokwisha kuandikwa sana magazetini. Lakini kabla ya kukata tiketi, maliza kwanza mji wako. Tabora ni njia panda ya reli, na kwa nilivyoona mimi, wastaafu wa reli walikuwa na fedha ya kununua gramafoni mapema kuliko wengi wetu. Santuri zao hazimo kwenye orodha yoyote ya mtandaoni. Zimo uvunguni au juu ya kabati, chini ya masanduku ya nguo, na wajukuu wanangoja ruhusa ya kuzitupa.

Jambo moja litakupunguzia kazi. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa na Radio Tanzania kwenye utepe kwa ajili ya kurushwa hewani tu, na hazikuwahi kutolewa kama santuri. Wimbo unaoukumbuka kila neno huenda hauna santuri ya kutafutwa, hata ukizunguka Afrika Mashariki nzima. Kwa hiyo muulize kwanza mzee kama aliwahi kuishika santuri kwa mkono wake au aliusikia wimbo redioni.

Halafu usafi. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo ndizo za enzi za mwanzo za Kiko Kids, hazikutengenezwa kwa plastiki ya vinaili bali kwa sheleki, na spiriti huiyeyusha sheleki. Nimeletewa santuri iliyopanguswa kwa spiriti ya hospitali na mtu mwenye nia njema kabisa, na mifereji yake ilikuwa imegeuka utelezi. Tumia maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi, tone la sabuni laini na kitambaa kisichotoa nyuzi, bila kulowesha karatasi ya katikati. Santuri hizo pia zinataka sindano pana kuliko ile ya mizunguko 45 au 33; ukitumia sindano nyembamba inakwenda chini kabisa ya mfereji na kukusomea vumbi la miaka sitini.

Binti Gungu (Kigoma) anajibu:

Shikamoo Mwalimu. Kaka Fundi kazungumzia vya kutafutwa, nami nizungumzie vya kuagizwa, kwa kuwa ndiko ninakopata karibu kila diski niliyo nayo.

Mtandaoni hununui jina la albamu, unanunua namba. Chukua mfano wa kantata za Bach zilizorekodiwa na Bach Collegium Japan chini ya Masaaki Suzuki kwa ajili ya BIS, kazi iliyoanza mwaka 1995 na kukamilika mwaka 2013. Juzuu za mwanzo zilitoka kama CD za kawaida, na za baadaye zikatoka kama SACD, huku jina la mfululizo likiwa lile lile na majalada yakifanana kama mapacha. Anayetafuta kwa jina ataletewa yoyote kati ya hizo. Kwa hiyo tafuta namba ya katalogi iliyo kwenye uti wa kasha, uiweke kwenye ujumbe kwa muuzaji, na umwombe athibitishe kwamba ndiyo iliyo mkononi mwake. Kama ni diski iliyotumika, mwombe picha ya lile duara la ndani alilolieleza Fundi. Muuzaji anayeona uvivu kupiga picha moja atakuwa na uvivu huo huo wakati wa kufunga mzigo.

Mtego mkubwa kuliko wote uko kwenye herufi. SACD nyingi za Ulaya zina tabaka mbili, moja ya SACD na nyingine ya CD, hivyo hata deki ya kawaida itazipiga. Lakini Universal ya Japani imekuwa ikitoa tangu mwaka 2010 diski ziitwazo SHM-SACD ambazo hazina tabaka ya CD kabisa, na ukiiweka kwenye deki ya kawaida haitatoa hata mlio. Karibu nazo kuna SHM-CD, ambayo ni CD ya kawaida iliyotengenezwa kwa plastiki angavu zaidi na inapigwa na mashine yoyote. Tofauti ya herufi mbili tu, na bei ziko mbali.

Kwa mashine yako mwenyewe, Mwalimu, ningeanza na 2L ya Norway. Wao hurekodi makanisani, kwaya nyingi, na matoleo yao mengi yana diski mbili ndani ya kasha moja: SACD yenye tabaka mbili na Blu-ray ya muziki mtupu. Mashine yako inasoma zote, kwa hiyo utazilinganisha wewe mwenyewe bila kuongeza senti.

Kuhusu mahali pa kununua, diski mpya mimi huzitafuta kwa wauzaji wenye duka halisi na tovuti kwa pamoja, kama Presto Music ya Leamington Spa, Uingereza, maana anayeuza kwa mkono anaijua bidhaa yake. Zilizotumika ninazitafuta Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa sababu kila toleo lina ukurasa wake na unaona limewahi kuuzwa kwa bei gani ya chini, ya kati na ya juu kabla hujatoa fedha. Maduka ya Japani yanayouza nje huondoa kodi yao ya asilimia 10, na wauzaji wengi wa Ulaya hufanya hivyo hivyo kwa mteja aliye nje ya Umoja wa Ulaya. Angalia bei inayobaki baada ya kuandika anwani ya Tanzania, si ile ya ukurasa wa kwanza.

Gharama inayouma ni ya usafirishaji, na inauma zaidi kwa diski moja. Subiri ziwe kadhaa kutoka kwa muuzaji mmoja. Chagua njia yenye namba ya ufuatiliaji, andika sanduku la posta pamoja na namba ya simu inayopatikana, na hesabu tangu mwanzo kwamba mzigo utakadiriwa na forodha na kwamba VAT ya kwetu ni asilimia 18. Wapo wauzaji watakaojitolea kuandika kwamba ni zawadi au kupunguza thamani kwenye fomu. Kataa, kwanza kwa sababu ni udanganyifu, na pili kwa sababu mzigo ukipotea utalipwa kile kilichoandikwa. Kasha likivunjika njiani usihuzunike sana, ila ujue kwamba SACD nyingi huja kwenye kasha lenye pembe za mviringo ambalo hutalipata kirahisi kulibadilisha.

Jambo la mwisho linahusu zile bendi. Kama shida yako ni muziki na si santuri yenyewe, yapo matoleo mapya yanayoagizika. Buda Musique ya Ufaransa ina mfululizo wa Zanzibara, na juzuu la tatu limejaa dansi la Tanzania la miaka ya 1960. Uholanzi kuna SWP Records, waliotoa kwenye CD ngoma na nyimbo ambazo Hugh Tracey alizirekodi Tanganyika mwaka 1950. Kwa mwalimu wa kwaya, ile ya sauti za watu ndiyo ningeitanguliza.

Mkaazi wa Cheyo (Tabora) anajibu:

Naomba nimwage maji kidogo kwenye moto huu. CD ya kawaida ina biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, na inaweza kubeba tofauti ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Katika sebule ya Tabora yenye feni juu na bodaboda nje, tofauti hiyo huifikii. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti majaribio ambamo wasikilizaji walipigiwa SACD moja kwa moja, kisha ikapitishwa kwenye kiwango cha CD, bila wao kujua ipi ni ipi. Katika majaribio 554 walipatia karibu nusu, yaani sawa na kurusha sarafu. Na mwaka 2022 ilijulikana kwamba santuri za Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani, ambazo wanunuzi waliamini zimetengenezwa bila kupita kwenye dijitali hata mara moja, zilikuwa na hatua ya DSD, yaani mfumo wa dijitali unaotumika kwenye SACD, katikati. Watu walizisifu kwa miaka bila sikio la mtu kulalamika.

Ushauri wangu ni kwamba utafute CD za kawaida zilizotumika, hasa za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, kabla wahandisi hawajaanza kushindana kusukuma kila kitu kiwe kikubwa. Hizo ni za bei nafuu mtandaoni, na hata hapa Tabora huonekana pale mgeni wa misheni au wa mradi anapouza vitu vyake kabla ya kurudi kwao. Fedha itakayobaki nunua spika. Na kama unaitaka DSD kwa lazima, inauzwa kama faili, ingawa saa moja ya stirio ni karibu GB 2.5, kwa hiyo fikiria bando lako.

Fundi wa Mwanga (Kigoma) anajibu:

Ndugu wa Cheyo, jaribio hilo nalifahamu na silikatai, lakini umelisoma nusu. Waandishi wale wale walieleza kwamba SACD walizotumia kwa ujumla zilisikika vizuri kuliko CD nyingi za kawaida, kwa sababu waliozitayarisha walifanya kazi kwa uangalifu zaidi, wakijua zinakwenda kwa msikilizaji makini. Kwa hiyo Mwalimu akiinunua SACD ya 2L ananunua kanisa zuri, maikrofoni zilizopangwa vizuri na mhandisi asiyesukuma sauti, na hivyo vyote vimo hata kwenye tabaka yake ya CD. Kuhusu spika nakuunga mkono kabisa.

Mwalimu wa Isevya (Tabora) anajibu:

Nawashukuru sana, na wewe binti yangu marahaba. Nimeandika namba za 2L mbili na nimepata mzee mmoja wa Cheyo aliyekuwa karani wa reli, ambaye nitamtembelea baada ya ibada. Nina swali moja la Fundi. Mashine yangu nimeiunganisha na amplifaya kwa waya wa optiko, na televisheni kwa HDMI. Je, inatosha?

Fundi wa Mwanga (Kigoma) anajibu:

Haitoshi, na ni vizuri umeuliza kabla ya kulipa. Mawimbi ya SACD hayapiti kwenye waya wa optiko. Kwa kawaida amplifaya itakaa kimya, au utalazimika kuiambia mashine isome tabaka ya CD, na hapo ndugu yetu wa Cheyo atakuwa amekushinda bila jasho. SACD hutoka kwa HDMI kwenda kwenye amplifaya inayopokea HDMI, au kwa matundu ya analogi, yale mekundu na meupe, kama mashine yako inayo. Mashine nyingi za Blu-ray za miaka ya karibuni hazina matundu hayo.

Pia, kwa kuwa ni iliyotumika, usiridhike kwamba inapiga CD. Tabaka ya CD husomwa kwa leza ya nanomita 780 na ya SACD kwa leza ya nanomita 650, sawa na ya DVD. Weka DVD ndefu uiache icheze hadi mwisho. Ikikwama au kurukaruka, ile leza ya pili imechoka, na SACD haitasomeka hata kama CD zinapigwa vizuri. Geuza mashine, soma namba ya modeli iliyo mgongoni na uiandike hapa, nikuambie kama ina njia ya analogi au kama tutafute amplifaya yenye HDMI.